UZI: Kompyuta yako ya mtumba bado iko Windows 10, uipige Windows 11 au uiache? Wa Mwanza na kanda ya ziwa tuchambue hapa

MtuwaMalimbe

Mwangaluka wakuu, na wale wa visiwani pia.

Nimeanzisha huu uzi maana hapa mjini sasa hivi kila mwenye desktopu ya ofisini au laptopu ya mtumba anaambiwa lake, huyu anaambiwa peleka kwa fundi akupigie Windows 11 haraka, yule anaambiwa hiyo mashine ishakufa nunua nyingine, mwingine anaambiwa achana nao we endelea tu si inawaka. Mi nina steshenari upande wa Malimbe na pembeni natengeneza kompyuta, wateja wangu wengi ni wanachuo na wafanyabiashara wadogo, yaani watu ambao hela ya laptopu nyingine hawana na wakipotoshwa wanaumia kweli. Msimamo wangu nauweka wazi: usiguse Windows mpaka umejua prosesa yako ni ya kizazi gani na hiyo mashine inakufanyia kazi gani. Ukishajua hayo mawili uamuzi unakuja wenyewe.

Tuanze na hali ilivyo. Windows 10 ilitoka Julai 2015 na Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Office 2016 na Office 2019 nazo zilifungwa siku hiyo hiyo, hili wengi hawakulisikia. Kompyuta haijazima na haitazima, itawaka kama kawaida, ila tundu jipya la usalama likigundulika halizibwi tena. Na hii siyo ya kutishana. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia nzima kikifunga mafaili ya watu na kudai hela, hospitali za Uingereza zikakwama, na dawa ya lile tundu Microsoft walikuwa wameshaitoa Machi mwaka huo huo. Walioumia ni ambao hawakuweka updeti, au walikuwa kwenye Windows ambayo imeshaachwa.

Sasa Windows 11 yenyewe ilitoka Oktoba 2021 na ina masharti, inataka ramu GB 4, nafasi GB 64, TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), na hapa ndipo wengi tunapokwamia, prosesa ya Intel iwe kizazi cha 8 kuendelea, au kwa AMD iwe Ryzen za 2000 kuendelea. Kizazi unakisoma kwenye namba. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, angalia mstari wa prosesa. Ukiona i5-6300U ile 6 ya mbele ndo kizazi, hiyo ni ya sita. i5-8250U ni ya nane. i7-10510U ni ya kumi.

Tena wakuu msisome jina la kwenye mfuniko. Pale mjini unaambiwa hii EliteBook 840 G5 bosi, hii inabeba Windows 11 bila shida, na kweli G5 nyingi zina prosesa ya kizazi cha nane, lakini zipo G5 zilizotoka kiwandani na kizazi cha saba. ThinkPad T480 hivyo hivyo. Ukienda kununua omba waiwashe, fungua msinfo32 mbele ya muuzaji, soma namba, ndo mwongee bei.

Uliza chochote, nitajibu nikipata nafasi kati ya wateja.

fundi_makoroboi

Mkuu nakuheshimu ila hapo kwenye masharti unawatisha watu bure. Mi napiga Windows 11 kwenye kizazi cha tatu, cha nne, cha sita, unatumia Rufus unatengeneza flashi unaweka tiki ya kuondoa sharti la TPM na ramu, inaingia safi, mteja anaondoka anafurahi. Updeti zinakuja kama kawaida. Sasa tofauti iko wapi?

MtuwaMalimbe

Fundi mwenzangu karibu, umeleta hoja ya maana kabisa na naijibu kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapotea.

Ni kweli inaingia. Ni kweli updeti za kila mwezi mara nyingi zinafika, ingawa Microsoft wameandika wazi kwamba kompyuta isiyokidhi masharti haina uhakika wa kuzipata. Shida iko kwenye toleo. Windows 11 siyo kitu kimoja, kila mwaka inatoka toleo jipya, na kwa Home na Pro kila toleo linahudumiwa miezi 24 tu. Toleo la 22H2 la Windows 11 lilifungwa Oktoba 2024. 23H2 ikafungwa Novemba 2025. Kwenye mashine inayokidhi masharti, kuruka kwenda toleo jipya kunakuja kwenyewe. Kwenye ile uliyoiingiza kwa Rufus mara nyingi hakuji, inatakiwa mtu atengeneze flashi tena arudie zoezi. Mteja wako wa Buzuruga anajua hilo? Ameondoka anajua ana Windows 11 mpya, kumbe anatembea na 23H2 ambayo haina huduma, yuko kule kule alikokuwa na Windows 10, tofauti ni kwamba sasa mashine ni nzito zaidi na amelipa hela.

Wasomaji wengine, andikeni winver kwenye ile sehemu ya kutafutia muone namba ya toleo lenu. Leo hii fanyeni.

Halafu kuanzia toleo la 24H2, kwenye prosesa za zamani sana kama Core 2 Duo haiwaki kabisa, maana inahitaji maagizo ambayo zile prosesa hazina. Hiyo hata Rufus haikuokoi.

Mi sisemi usipige kabisa. Mteja akielewa kwamba kila mwaka au miwili atarudi kwako na wewe utakuwepo, na mashine ina SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na ramu GB 8, piga. Ila mwambie kabla hajalipa.

fundi_makoroboi

Hilo la miezi 24 mkuu nakubaliana na wewe, mteja nitakuwa namwandikia kwenye risiti tarehe ya kurudi. Ila ile ya kusema mashine nzito sijakubali, ukizima vile vidude vya nyuma inakimbia.

DagaaWaMwaloni

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mama nafanya biashara ya dagaa hapa Kirumba mwaloni, mahesabu yangu yote yako Excel, nani kachukua magunia mangapi, nani anadaiwa, mzigo wa Kongo, mzigo wa Dar, na humo humo naingia benki na kutuma ritani. Laptopu yangu ni HP 840 G3, nimeangalia kama ulivyosema ni i5-6300U, ramu 4, hadi diski ya GB 500. Ikiwaka naenda kupanga mzigo narudi ndo inaanza kufunguka. Kijana mmoja kaniambia dawa ni Windows 11 itakuwa nyepesi. Nifanyeje?

MtuwaMalimbe

Shikamoo mama. Asante kwa kuweka namba zote, umenirahisishia.

Windows 11 haitaifanya nyepesi, hilo likatae. Mashine yako tatizo lake ni ile hadi diski inayozunguka, Windows 10 yenyewe inaisumbua na 11 itaisumbua zaidi. Toa hiyo weka SSD ya inchi 2.5 ya GB 240 au 256, ongeza ramu iwe 8, G3 inatumia DDR4 na ina nafasi mbili za ramu kwa hiyo unaongeza kijiti kimoja tu cha 4 pembeni ya kile kilichopo kama kipo kimoja. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya laptopu nyingine. Baada ya hapo utaona imebadilika mpaka utashangaa, na hapo Windows hatujaigusa.

Kuhusu usalama, wewe ndo hasa mtu ninayemwogopea maana unaingia benki humo. Kizazi cha sita hakikidhi Windows 11 kwa hiyo mama usilazimishe. Microsoft wameweka kitu kinaitwa ESU, ni updeti za usalama za nyongeza kwa Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Kuna kuilipia dola 30, kuna kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, na kuna ya bure ambayo unawasha bekapu ya setingi zako kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa hiyo lazima uwe na akaunti ya Microsoft na Windows 10 yako iwe toleo la 22H2. Unaingia Settings, halafu Windows Update, unakuta maandishi ya kujiunga. Kujiunga kunaruhusiwa muda wowote kabla ya hiyo tarehe ya mwisho, ila ukichelewa kote huko katikati unakuwa wazi.

Kingine mama, kabla mtu hajagusa hiyo laptopu, faili la madeni liwe sehemu mbili tofauti, kwenye flashi inayokaa nyumbani na kwenye barua pepe yako. Na fundi akishamaliza hakikisha limefunguka na namba zote zipo kabla hujaondoka dukani kwake.

DagaaWaMwaloni

Marahaba mwanangu. Na hiyo Oktoba ikifika?

MtuwaMalimbe

Ikifika mama una njia mbili, kununua laptopu ya kizazi cha nane kuendelea, ambayo kama ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 SSD yako utaihamishia humo usipoteze kitu, au kuhamia Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Kwa mahesabu ya Excel ya kawaida Linux inatosha, ila mafaili yenye makro (amri za kujiendesha ndani ya Excel) yanaweza yasifanye kazi vile vile. Una muda wa kujipanga, jipange tu.

kijana_wa_igoma

Hapo kwenye Linux ndo nilikuwa nasubiri. Wakuu mi nina desktopu ya Dell OptiPlex 7010, kizazi cha tatu, nimeweka Linux Mint (aina mojawapo ya Linux) ile nyepesi ya Xfce na maisha yanaenda. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itahudumiwa mpaka 2029, hamna leseni, hamna kukrakisha, brauza ni zile zile Chrome na Firefox, maombi ya mkopo HESLB, Ajira Portal, BRELA, vyote ni brauza kwa hiyo vinafunguka. Na unaijaribu kwenye flashi kabla hujaiingiza, unawasha mashine na flashi unaona kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, ukiridhika ndo unaingiza.

Nisiwafiche yaliyonisumbua. Printa ya HP LaserJet P1102 iligoma mpaka nikaongeza programu ya ziada ya HP ambayo lazima uwe na intaneti uipakue. Na documenti za watu wa Word zikifunguka LibreOffice, ile programu ya bure ya ofisi, mistari inahama hama.

MtuwaMalimbe

Kijana wa Igoma umesema vizuri sana na hilo la mistari kuhama nataka nilikalie kidogo kwa sababu wenye steshenari wenzangu wanasoma.

Mwanachuo anakuja na ripoti yake ya utafiti kwenye flashi, kurasa 70, jedwali la yaliyomo, namba za kurasa za kirumi mwanzoni halafu za kawaida, kaipanga kwa Times New Roman na nafasi moja na nusu. Ukiifungua kwa LibreOffice, Linux haina Times New Roman, inaweka Liberation Serif ambayo upana wa herufi zake umepimwa kulingana na Times, kwa hiyo maandishi ya kawaida yanakaa. Calibri inabadilishwa na Carlito, nayo inakaa. Kinachohama ni majedwali, michoro iliyobandikwa juu ya maandishi, na vichwa vya kurasa. Sura ya nne iliyokuwa inaanza ukurasa wa 41 sasa inaanza wa 42 na jedwali la yaliyomo bado linasema 41, umeshaprinti nakala tatu na kuzibana, na msimamizi anazirudisha. Hiyo hasara ni yako mwenye steshenari.

Kwa hiyo kwenye duka langu mashine ya kuprintia kazi za Word ni ya Windows yenye Word, basi. Zile za maombi ya mtandaoni na kuskani ni Linux. Na mteja mwenye PDF anaprinti popote. Mwenye kutengeneza kadi za harusi na mabango kwa CorelDRAW au Photoshop abaki Windows pia, asidanganywe.

Sasa faida kubwa ya Linux dukani, na kwangu hii ndo sababu ya kwanza kabisa, ni flashi za watu. Wote mnakijua kile kirusi cha shotikati. Mtu anachomeka flashi anakuta mafolda yake yote yamegeuka ikoni zenye mshale, kila moja KB 1 au 2, analia kazi yangu imefutika. Haijafutika. Kirusi kimeyaficha mafolda yenyewe na kuweka shotikati badala yake, ukibofya ile shotikati unaanzisha kirusi kwanza halafu ndo kinakufungulia folda usishtuke, na kompyuta yako imeshapata, kila flashi itakayofuata nayo inapata. Chuo kizima kinaambukizana kupitia steshenari zetu. Ukichomeka flashi hiyo hiyo kwenye Linux, zile shotikati hazina pa kukimbilia maana zimeandikwa kwa ajili ya Windows, na mafolda yaliyofichwa unayaona yamekaa pale kwa majina yake. Unamnakilia mteja kazi yake, unafomati flashi, unamrudishia. Kwenye Windows unafungua lile dirisha jeusi (Command Prompt), kama flashi ni E unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na mafolda yanarudi kuonekana, ila kirusi chenyewe unabaki nacho mpaka ukisafishe.

Tuwe wakweli wenye maduka. Namba ya NIDA ya mtu, cheti chake cha kidato cha nne, neno siri lake la mkopo, vyote vinapita kwenye mashine zetu. Mtu kakuamini. Mashine ambayo haina updeti na ina activator (programu ya kukrakisha leseni) ya kwenye flashi, ile ambayo kabla ya kuiendesha inakuambia uzime Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwanza, hiyo haifai kupokea siri za watu. Laptopu nyingi za makampuni zilizotoka na Windows 8 kuendelea zina leseni iliyokaa kwenye BIOS yenyewe (programu ya ndani ya bodi), jaribuni hiyo kwanza kabla ya kukimbilia krakisho, unaweza kukuta leseni unayo muda wote.

MwalimuNansio

Salaam wanajukwaa. Mimi ni mwalimu huku Ukerewe. Maabara yetu ina desktopu za msaada, karibu zote ni kizazi cha tatu na cha nne, ramu 4, Windows 10. Wanafunzi wanajifunza Word, Excel na mambo ya msingi. Intaneti ni ya bando kwenye simu yangu. Na umeme mnaujua. Mnanishauri nini?

MtuwaMalimbe

Mwalimu heshima yako. Kwako jibu langu ni tofauti na la mama wa dagaa.

Hizo mashine hazishiki mtandao muda mwingi, hakuna benki humo, na wanafunzi wanafundishwa Word. Usiwaharibie somo kwa kuhamisha zote kwenda LibreOffice katikati ya mwaka, vitufe havikai sehemu ile ile na mtoto akikutana na Word mahali pengine atababaika. Acha Windows 10, ziwe nje ya mtandao, na weka sheria ya flashi, flashi zote zipitie mashine moja kwanza. Hiyo mashine moja iwe ndo ya Linux, na ndo hiyo hiyo ya kuingia mtandaoni. Shule zina bei yake ya ESU pia, ni dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili, 4 wa tatu, ila inanunuliwa kupitia mawakala wa leseni kwa hiyo inabidi mkuu wa shule na halmashauri wahusike.

Kuhusu bando, faili la kuingizia Windows 11 linazidi GB 5, la Mint ni karibu GB 3. Usipakulie kwenye simu mwalimu, utamaliza bando kwa kitu ambacho mtu wa mjini anaweza kukuwekea kwenye flashi. Na ile mashine inayoshika simu yako, ingia kwenye setingi za Wi-Fi uwashe Metered connection, vinginevyo Windows itakula GB zako kimya kimya.

Umeme sasa. Mtu asikushawishi ubadilishe BIOS au ukafanye updeti kubwa kwenye desktopu isiyo na UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika Windows inapoingia, unapoteza siku unaanza upya. Umeme ukikatika wakati BIOS inaandikwa, bodi inaweza isiwake tena, na hapo hakuna flashi ya kuokoa. Kwa laptopu hakikisha betri inashika chaji kweli, zile za mtumba nyingi betri ni pambo.

MwalimuNansio

Nimekuelewa vizuri sana. Nitaanza na mashine moja. Nakuja mjini mwisho wa mwezi na meli, naweza kupita dukani kwako unijazie Mint kwenye flashi? Flashi yangu ni GB 4.

kijana_wa_igoma

Mwalimu GB 4 inaingia kwa kubana, njoo na ya 8 uwe salama. Na ukitaka nikuwekee na zile draiva za printa kabisa niambie printa yako ni aina gani.

MwalimuNansio

Ni Epson L3110.

MtuwaMalimbe

L3110 haina shida mwalimu, ina draiva yake ya Linux, tutakuwekea kwenye flashi hiyo hiyo na utaiingiza bila intaneti. Ukifika Nyegezi nipigie PM, na kama unaweza njoo na sistimu yuniti moja tuijaribu hapa hapa kabla hujarudi, ukigundua tatizo ukiwa umeshavuka ni safari nyingine.

Wengine mnaosoma kimya wekeni hapa namba ya prosesa, ramu, aina ya diski na kazi unayofanya. Bila hivyo vinne siwezi kukushauri kitu cha maana.